Anaumwa, Njoo

Katika simu za watu wa Kibakwe na vijiji vya milimani, namba ya mzee Sila haikuandikwa Sila. Wengi waliiandika "Msiba". Fundi baiskeli mmoja aliiandika "Usipokee", na hata yeye alipokea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuthubutu kuiacha simu ya mzee Sila ilie mpaka ikate. Kilabuni akiingia, wanywaji walimpisha kwenye benchi, kisha wakaanza kumrushia maneno.

"Mzee Sila, leo usinisalimie mimi. Bado nina karanga shambani."

"Msalimie Hamidu, huyo kashavuna."

"Wee! Mama yangu mzima, nimemwacha anakoroga uji!"

Sila alipokea kata yake ya pombe ya uwele, akanywa. Alishazoea.

Kazi hiyo hakuiomba. Ujanani alikuwa mtu wa miguu. Alichunga ng'ombe wa watu Manyoni, akakata kuni za kuchomea tofali Mpwapwa, akauza chumvi ya kijiwe mpaka Kolo, na kila alipozoeleka mahali alikunja mkeka akaondoka. Mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kutumwa. Mara ya kwanza alitumwa kwa mama mmoja ambaye mwanawe aliangukiwa na mti. Sila alifika, akamkuta mama anakoroga uji, akasema kama alivyotumwa: "Mwanao amekufa." Mama akaanguka juu ya mafiga, uji ukammwagikia kifuani. Wazee walimshika Sila masikio siku hiyo. Wewe umezaliwa na nani? Kifo hakitupwi mlangoni kama gunia la viazi. Unamwambia mtu kwamba mgonjwa wake anaumwa, aje. Sauti ndiyo itakayomwambia mengine, polepole, naye atayapokea akiwa njiani.

Basi akajifunza. Alianza na salamu ndefu ya "Mbukwa", akauliza habari za nyumba, za watoto na za mvua, na sauti yake ikateremka kidogo kidogo kama mtu anayeshuka korongo na mzigo, mpaka ikafika chini: "Mama yako anaumwa, njoo." Neno la mwisho hakulipandisha. Watu walijua. Walifunga milango wakitoka, wakaanza kulia barabarani.

Zamani aliwahi kukaa miezi minne katika darasa la watu wazima, na huo ndio ulikuwa muda mrefu kuliko yote aliyokaa mbele ya ubao. Mwalimu aliandika: analima, alilima, atalima. Akasema, tazameni, herufi mbili tu katikati ya neno, na mtu anahama kutoka jana kwenda kesho. Sila akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na marehemu tunamwekea ipi?"

"Marehemu ni *li*. Alilima. Aliumwa. Yamekwisha."

"Kwetu marehemu tunamwekea *na*, mwalimu. Mpaka wenyewe wafike."

Darasa lilicheka, mwalimu naye akacheka, lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Kwa miaka arobaini Sila aliwatumia marehemu maneno yote ya walio hai. Anakuita. Bado anapumua. Anakungoja wewe tu. Ameomba uji. Athuman muuza duka aliambiwa na Sila kwamba kaka yake anataka chai ya tangawizi, akashusha mlango wa duka huku machozi yanamchuruzika, na kweli huyo kaka alikuwa amekwisha kuoshwa.

Jumatano moja ya Mei Paulina alifika kwa Sila, khanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Paulina. Nani?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyekufa na wewe umekuja kwangu?"

"Ni wifi Restuta. Anaumwa." Akajisikia mwenyewe, akaharakisha: "Anaumwa kweli, mzee. Miguu imejaa maji. Mganga wa zahanati kasema moyo umechoka, tusihesabu siku nyingi. Anamtaka Joel."

Sila aliijua habari hiyo kama ilivyojulikana na kila mtu. Joel, mtoto pekee wa Restuta, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Dodoma mjini, akikaa mtaa wa Kikuyu. Miaka mitatu nyuma alimleta Anifa, binti wa wauza vitambaa wa mjini, Mwislamu, akasema wameshafunga ndoa bomani. Restuta, mtu wa rozari na wa kiti cha mbele kanisani, alisimama uani mbele ya watu akasema: "Usikanyage hapa tena mpaka siku ya kunizika." Joel akageuka. Hakukanyaga.

Neno kama hilo, kwa watu wa huko, halifutwi kwa barua wala kwa simu. Aliyelisema anachukua maji kinywani, anampulizia kifuani yule aliyeambiwa, na kusema kwamba limetoka, limekwisha. Akifa kabla ya hapo, neno limekaa, na mtoto ataishi nalo yeye na watoto wake. Restuta alikuwa hawazi jambo jingine. Kila asubuhi alimwambia Paulina amwekee maji safi kando ya kitanda.

"Basi mpigie Joel," Sila akasema.

"Nampigia tangu Jumapili. Namba yangu anaijua, ya mama yake anaijua. Hapokei. Yako ndiyo hakuna asiyepokea."

"Paulina, mimi nikipiga watu wanalia."

"Ndiyo maana. Atapokea."

"Atapokea akilia."

"Na alie! Akifika atamkuta mama yake mzima, atafuta machozi. Kuna ubaya gani hapo?"

Sila alitafuta ubaya akaukosa. Aliuhisi tu, kama mtu anayehisi jiwe kwenye kiatu na akivua halioni.

Alhamisi asubuhi alipanda kilimani, kwenye mwamba ambako mtandao unashika. Njiani alijizoeza. Alitaka sauti nyepesi, sauti ya mtu anayeita jirani kwenye ubwabwa wa harusi. Akajaribu kwa nguvu: "Joel! Mama yako anaumwa, njoo!" Mwanamke aliyekuwa anakata nyasi chini ya njia akaacha mundu, akashika kichwa.

"Uwii, mzee Sila! Nani tena jamani?"

"Hakuna, mama. Najizoeza."

"Unajizoeza *hayo*?" Mwanamke akafanya ishara ya msalaba, akachukua mundu wake akahamia upande wa pili wa kilima.

Joel alipokea simu kabla haijalia mara mbili. Nyuma yake mashine ya kukata vyuma ilikuwa inapiga kelele, kisha ikanyamaza.

"Mbukwa, Joel," Sila akasema, na hapo hapo akajua ameshakosea. Alikuwa amepanga kuruka salamu.

"Mzee." Sauti ya Joel ilikuwa imekauka. "Nani?"

"Mama yako anaumwa. Njoo."

Upande wa pili chuma kikadondoka sakafuni.

"Sikiliza mwanangu, anaumwa tu. Yu mzima. Jana kala ugali na mlenda."

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Kala mwenyewe, kwa mkono wake."

"Hata baba uliniambia kala." Joel alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyebeba kitu kizito. "Nilikuwa darasa la saba. Ulikuja mpaka shuleni, ukaniambia baba kala vizuri, anakuita. Nilikimbia njia nzima. Nimeelewa, mzee, usijisumbue. Naweza kuongea naye?"

"Mimi niko kilimani, yeye yuko chini, huko hakuna mtandao. Na hawezi kupanda huku."

"Hawezi," Joel akasema.

"Joel, anakungoja wewe tu."

"Nakuja. Asante, mzee." Kisha kilio kikamtoka, kilio kirefu cha mtu mzima, na simu ikakatika.

Sila alikaa juu ya mwamba mpaka jua likamchoma kisogo. Akapiga tena. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Alijua inatumika kwa kazi gani: Joel alikuwa anawaambia watu. Alipofika chini, Restuta alikuwa ameinuka kwenye mto, macho mlangoni.

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Amesemaje?"

"Amesema anakuja."

Restuta alifunika uso kwa mikono yake miwili. Paulina alipiga kigelegele kidogo, cha ndani ya nyumba. Hapo ndipo Sila alipotakiwa kusema kwamba kijana analia, kwamba hakuamini, kwamba atumwe mtu mwingine Dodoma leo hii kwa basi. Hakusema. Kwa miaka arobaini alikuwa akiingia katika nyumba za watu na furaha inatoka kwa mlango mwingine. Hii ilikuwa nyumba ya kwanza aliyoipelekea furaha. Akaikalia, akanywa uji waliompa. Ijumaa alipanda kilimani mara tatu. Inatumika.

Jumamosi Restuta aliamka na nguvu ambazo hakuwa nazo mwezi mzima. Alioga, akasukwa nywele na Paulina, akavaa gauni la Pasaka, akataka atolewe nje. Walimweka kwenye kiti cha mlangoni, juani, miguu iliyovimba juu ya kigoda, kikombe cha maji pembeni. Sila alikuwa ameketi kando ya ghala, kofia mapajani. Jirani wawili watatu walikuwepo wakichambua maharage.

Mchana, kabla gari halijaonekana, walisikia vilio. Vilitoka kwenye kona ya chini, vya wanawake wengi, vikipanda na kushuka pamoja na barabara.

"Jamani," Restuta akasema, akavuta khanga kufunika kichwa kwa heshima ya wenye msiba. "Nani huyo tena? Paulina, katazame. Mungu ampokee."

Paulina hakwenda. Alikuwa anamtazama Sila.

Pikapu ikaingia uani. Nyuma walijaa wanawake wa mtaa wa Kikuyu na vilemba vyeusi, magunia ya chakula cha msiba, na katikati yao jeneza la mninga, vishikio vya njano vinang'aa, limefungwa kamba kama godoro jipya. Mwanamke aliyekaa mbele ya wote alimwona bibi kizee kwenye kiti, akadhani ni mmoja wa wafiwa, akaruka chini akamkumbatia: "Pole mama! Pole sana! Tumempoteza mama yetu!"

"Mama yenu nani?" Restuta akauliza.

Joel alishuka upande wa dereva. Alipiga hatua nne akasimama. Vilio vilikufa kimoja kimoja, kutoka mbele kwenda nyuma, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mama mnene ambaye hakuwa ameona kitu na aliendelea peke yake mpaka alipofinywa.

"Mama," Joel akasema.

Akapiga magoti. Anifa alishuka nyuma yake na mtoto mgongoni, naye akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

Restuta aliangalia jeneza kwa muda mrefu.

"Ni la mbao gani?"

"Mama, nisamehe, mzee alini..."

"Nimeuliza mbao."

"Mninga, mama."

"Mninga." Akatikisa kichwa. "Mimi miaka mitatu nalala kwenye kitanda kilichovunjika tendegu."

Hakuna aliyecheka, hata Hamidu wa kilabuni, ambaye alikuwa amefuata gari kama wengine. Restuta alinyoosha mkono akachukua kikombe. Sila aliona maji yakiingia kinywani, mashavu yakivimba. Joel aliona pia. Alijisogeza kwa magoti, akafungua vifungo vya shati, akaweka kifua wazi. Jirani waliacha kuchambua maharage.

Restuta alimtazama mwanawe. Halafu akayarudisha maji kwenye kikombe, taratibu, akafuta midomo.

"Kabla sijafanya hili," akasema, "niambie. Ungejua ni mzima, ungekuja?"

Joel alifungua mdomo. Palihitajika neno moja tu, na kila mtu pale alikuwa tayari kulipokea, hata kama lingekuwa la uongo. Lakini Joel hakuwa mtu wa uongo. Hata ugomvi wao wote ulitokana na hilo: ndoa yake angeweza kuificha, akaja kuisema. Alitazama chini.

"Mama, angekuja," Anifa akasema kwa haraka. "Wallahi tungekuja. Mimi ningemleta."

"Sikukuuliza wewe, mwanangu," Restuta akasema.

Sila alishtuka. Neno hilo, *mwanangu*, lilitoka likiwa na joto, likapanda mwishoni kama mkono unaomwinua mtu. Hata Anifa alilisikia. Machozi yalimruka. Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo na mtu wa nyumba ile.

Restuta akamgeukia Joel, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, kifua wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Akachukua kikombe, akanywa maji. Aliyameza yote, koo likipanda na kushuka. Akakiweka kikombe chini.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Maneno ndiyo hayo hayo. Lakini ilikuwa sauti ambayo watu wa milimani humkaribishia afisa aliyekuja kuhesabu mifugo: laini, bapa, mlango umefungwa nyuma yake. Paulina aliisikia, akageuza uso. Joel hakuisikia. Aliinama akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, akalia kwa shukrani, na Restuta akaweka mkono juu ya kichwa hicho kama mtu anavyoweka mkono juu ya meza.

Jeneza halikurudi mjini, wala wanawake waliokuja nalo. Hakuna dereva ambaye angekubali kulirudisha tupu, kwa maana jeneza likirudi tupu linamtafuta mwingine. Waliliingiza ghalani, juu ya magunia ya mahindi, na kuku wakalala humo. Restuta aliishi siku nne. Aliongea na Paulina, akaongea na Anifa, akamshika mtoto. Joel alimletea uji, akanywa. Joel alimuuliza anaumwa wapi, akajibu. Joel alimuuliza kama kuna neno anataka kumwambia, akajibu, "Hakuna, baba, karibu tu." Jumatano adhuhuri akakata roho, na safari hii haikulazimu mtu kupigiwa simu.

Walimzika Alhamisi nyuma ya nyumba. Katekista Bartolomayo alisoma, watu wakaimba, mninga ukaingia ardhini. Baada ya kula, watu walipotawanyika kwenye vivuli, Joel alimfuata Sila kwenye ukuta wa ghala. Alichutama mbele yake.

"Mzee, mimi sikulaumu."

"Nilaumu tu. Nilijua hukuniamini. Nilijua tangu unalia kwenye simu, na sikumwambia mtu."

"Ungefanya nini? Ungesema nini ambacho hujawahi kumsemea maiti?"

Sila alikuwa amelitafuta neno hilo wiki nzima.

"Na mimi nina langu," Joel akasema. "Uliponipigia, nilimaliza geti la mteja kwanza. Maiti haikimbiliwi, nilijiambia, inaandaliwa. Nikakaa siku mbili naandaa." Akaokota kijiti akaanza kukivunja. "Lakini alinikaribisha. Si ulikuwepo? Kwa mdomo wake. Maji aliyanywa kwa sababu kiu ilimshika, mtu mgonjwa. Cha maana ni neno. Usiku kucha mimi na Anifa tunaongea hilo tu, kwamba alinikaribisha. Mara mbili, tatu. Wewe ulisikia, mzee. Wewe ni mtu wa kusikia."

Kijana alikuwa anamtazama kama mtu anayemtazama daktari. Na Sila, ambaye alikuwa hana mtoto, wala nyumba isiyohamishika, aliona kwamba hapa kuna jambo moja jema analoweza kufanya kabla naye hajafa. Ni kumwachia huyu neno hilo. Atembee nalo, awape watoto wake. Ni uongo mdogo kuliko mwingi aliowahi kuubeba.

Akajiweka sawa. Akasafisha koo. Akatafuta ile sauti ya harusi, ya ubwabwa, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo, Joel," akasema. "Mama yako alikukaribisha."

Akaisikia mwenyewe ikiteremka. Hatua kwa hatua, na mzigo, mpaka chini, na neno la mwisho likakaa pale bila kuinuliwa.

Joel aliacha kuvunja kijiti. Uso wake ulibadilika kama nyuso zote ambazo Sila aliwahi kuziona milangoni kwa miaka arobaini. Alisimama, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akavuka ua kwenda alikokaa Anifa, akamwambia akusanye vyombo.

"Leo?" Anifa akauliza. "Matanga hayajaanuliwa, Joel. Watu watasemaje?"

"Kusanya vyombo."

Pikapu ilitoka jua likiwa bado juu, na wanawake wa Kikuyu nyuma yake, safari hii wamekaa kimya na magunia matupu. Watu walisimama uani wakishangaa ni mtoto gani anaacha matanga ya mama yake siku ya kwanza. Walimlaumu. Walisema maneno makali, mjini kumemharibu, mke kamharibu. Paulina alimgeukia Sila.

"Umemwambia nini, mzee?"

"Nimemwambia alikaribishwa."

Paulina alijifunga khanga upya, akaenda kuosha masufuria.